Mbegu Zinamngoja Pasta

Kabla jogoo hajawika mara ya pili, Gathoni alisikia pampu ya baiskeli huko nje. Fyu, fyu, fyu. Akajua mume wake anaondoka tena.

Alijifunga leso akatoka. Pasta Bramwel Wabwile alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma. Koti lilikuwa mwilini, na Biblia imefungwa kwenye keria kwa mpira.

“Baba Nasimiyu, hata chai?”

“Chai nitakunywa huko,” Bramwel alijibu. Sauti yake ilikwaruza. “Leo niko na maboma manane. Kila boma lina birika yake.”

“Na hiyo sauti?”

“Ni vumbi tu.”

“Vumbi la wiki tatu?”

Bramwel alicheka, akakohoa, akapanda baiskeli. Gathoni alisimama langoni akimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Ulikuwa mwisho wa Machi, mwaka wa 2006. Kijiji chao kiko nje kidogo ya mji wa Kitale, na huko mwisho wa Machi watu hawalali sana. Mashamba yamelimwa. Mbolea imenunuliwa. Kila mtu anatazama Mlima Elgon kuona kama mawingu yanakuja. Lakini katika kanisa la Pasta Bramwel kulikuwa na jambo moja zaidi. Hakuna mtu aliyepanda mahindi kabla pasta hajafika kwake kuombea mbegu.

Desturi hiyo haikuandikwa popote. Ilianza miaka miwili nyuma. Mzee Kimutai alimwomba pasta aombee mbegu zake, kisha atie punje za kwanza shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka huo Kimutai alivuna magunia thelathini kwa ekari moja. Haiya! Habari ilienda mbio. Hakuna aliyesema kwamba Kimutai alipanda mapema, akaweka mbolea, akapalilia mara mbili. Watu walisema tu, “Ni mkono wa pasta.”

Mwaka uliofuata maboma ishirini yalimwita. Mwaka huu yalikuwa arobaini na mawili. Wakikuyu walimwita, Wakalenjin walimwita, na Wabukusu wenzake ndio kabisa. Alikuwa ameenda kumi na moja tu. Thelathini na moja yalikuwa yanangoja.

Na shamba lao wenyewe je? Ekari moja nyuma ya nyumba, imelimwa vizuri, haina hata punje moja.

“Letu litakuwa la mwisho,” Bramwel alimwambia mke wake kila alipoulizwa. “Mchungaji hali kabla ya kondoo.”

“Mwaka jana lilikuwa la mwisho,” Gathoni alimjibu. “Tukanunua unga kuanzia Februari. Kondoo wenyewe ndio walituuzia.”

Sasa nisiwafiche kitu, wasomaji wangu. Bramwel alikuwa mtu mwema. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakuwa na majivuno ya mdomo. Lakini alipenda kuitwa. Mtu akija mbio langoni akisema, “Pasta, bila wewe hatuwezi,” uso wake uling’aa. Ng’ombe akizaa, aliitwa. Mtoto akipata jino, aliitwa. Wazee wa kanisa walikuwepo watano, watu wazima wenye akili, na kazi yao ilikuwa kupokea watu mlangoni na kusema amina. Kila kitu kilikuwa pasta, pasta, pasta. Naye alikimbia. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ukingo wenyewe ulifika siku hiyo hiyo, mapema asubuhi, kwenye boma la kwanza kabisa.

Gathoni alikuwa anafua nguo alipoona watu wakija. Mbele alikuwa Tabby, mke wa Ngige, jirani yao. Nyuma yake Ngige alikuwa anasukuma baiskeli ya pasta. Pasta mwenyewe alitembea kando, ameshika shingo.

“Ngai! Kuna nini?” Gathoni alidondosha shati kwenye karai.

“Mama Pasta, usishtuke, hajaanguka,” Tabby alisema. “Ni sauti. Alikuwa anaombea mbegu zetu. Akasema, ‘Ee Mungu wa Ibra,’ halafu kimya. Sisi tumefunga macho, tunangoja. Tukangoja. Nikasema moyoni, leo Roho ameshuka kweli. Nikafungua jicho moja. Nikamwona pasta amefungua mdomo, na hakuna kitu kinatoka!”

Ngige aliinamisha kichwa. Alitaka kucheka na alijua si vizuri.

Bramwel alijaribu kusema “Niko sawa.” Midomo ilisogea. Sauti haikuja kabisa.

Kesho yake asubuhi Gathoni alimpeleka mjini Kitale, kwa daktari mmoja aitwaye Rotich. Daktari alimwangalia koo kwa taa. Akampima presha, akapima tena, akakunja uso.

“Pasta hufanya maombi mara ngapi kwa siku?” aliuliza.

Bramwel alionyesha vidole kumi, akavifunga, akaonyesha vitano.

“Kwa sauti kubwa?”

“Daktari,” Gathoni alisema, “hata sisi tulio nyumbani tunamsikia.”

“Na siku yake ya kupumzika ni gani?”

Gathoni alifikiri. “Alipumzika mwaka juzi. Alipokuwa na homa ya matumbo.”

Rotich aliweka kalamu chini. “Nisikilizeni vizuri. Nyuzi za sauti zimevimba na zimeanza kuchubuka. Na presha iko juu. Pasta, wiki mbili hakuna kuongea. Hakuna kuhubiri, hakuna kuimba, hakuna kuomba kwa sauti.”

Bramwel aliinua kidole, kisha akafanya mdomo wa mtu anayenong’ona.

“Kunong’ona pia hapana! Kunaumiza koo zaidi. Kunywa maji, lala, nyamaza. Ukikaza kichwa, sauti inaweza kuharibika moja kwa moja. Utabaki mhubiri ambaye hasikiki hata na mtu wa kiti cha mbele.”

Gathoni alimgeukia mume wake. Sauti ile ndiyo iliyomwingiza Bramwel katika kazi yake. Ndiyo iliyomposa yeye. Ikienda, mume wake atakuwa nani?

Walirudi nyumbani. Jioni hiyo mvua ilinyesha. Haikuwa mvua ya kutania. Ilipiga mabati mpaka asubuhi, na udongo wote ulilowa vizuri. Mahali pengine popote, watu wangeamka wakiimba na kuchukua jembe. Katika kijiji hiki waliamka wakaenda kwa pasta.

Alhamisi saa moja asubuhi, Gathoni alikuta watu kumi na watatu langoni. Mbele alisimama Mzee Wanyoike, kiongozi wa wazee wa kanisa, kofia mkononi.

“Mama Pasta, tumesikia amepoteza sauti. Pole sana,” Wanyoike alisema. “Hatumsumbui. Aje tu, aweke mkono. Hata asiposema.”

“Mzee, daktari amesema apumzike.”

“Si atapumzika akimaliza? Maboma ni thelathini tu. Kwangu ni karibu hapo.”

“Na akipona baada ya wiki mbili?”

“Tutamngoja.”

“Na mvua itamngoja?”

Wanyoike aligeuza kofia yake. “Mama, mbegu haiwezi kuingia ardhini bila pasta. Unajua hivyo.”

Gathoni alikuwa anatafuta jibu aliposikia kelele nyuma ya nyumba. Alizunguka mbio. Pasta wa watu alikuwa anapitisha baiskeli kwenye ua wa nyuma, amevaa koti la mvua, kofia imefunika macho!

“Bramwel!”

Alisimama. Akaelekeza kidole langoni kwa watu, akaweka mkono moyoni.

“Najua wanakuhitaji. Na mimi je? Na watoto wako, Nasimiyu na Timo?” Machozi yalimtoka Gathoni bila kutaka. “Ukienda leo, usirudi kuniambia ni vumbi.”

Hakungoja jibu. Alitoa gurudumu la mbele, akalibeba kifuani, akaingia nalo ndani. Alilisukuma chini ya kitanda, akaketi juu ya kitanda. Na akalia hapo, na halafu akacheka, kwa sababu kwenye dirisha alimwona mume wake amesimama uani na baiskeli ya gurudumu moja.

Wakati huo pikipiki ilinguruma barabarani. Alikuwa Chepkirui, afisa wa kilimo wa eneo hilo. Watu walimwita Madam wa Kilimo. Alikuwa mwanamke mwembamba, buti zake zimejaa matope mpaka magotini, na hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

“Nimepita mashamba ishirini,” alisema kabla hajavua helmeti. “Yamelimwa, mvua imenyesha, na hakuna mtu shambani. Nimeuliza, nikaambiwa ati mko hapa. Kuna matanga?”

“Tunangoja pasta aombee mbegu,” Wanyoike alisema.

“Kila siku mnayongoja, mavuno yanapungua. Nimewafundisha hayo mpaka nimechoka.”

Gathoni aliwakaribisha ndani, yeye na Wanyoike, akawapa chai. Bramwel aliketi kando na daftari la shule la Nasimiyu. Gathoni alieleza yote. Chepkirui alisikiliza, akakoroga chai, akamgeukia Bramwel.

“Pasta, mimi hutembelea wakulima wangapi? Kisia.”

Bramwel aliandika: 100?

“Elfu tatu. Na mimi niko mmoja, na hiyo pikipiki kuukuu. Mwaka wa kwanza nilijaribu kwenda kila boma. Aki, nilikonda! Nikafika kwa watu mia mbili, wengine wakasema nawabagua. Halafu nikaumwa na mgongo nikalala mwezi mzima. Kazi yote ikalala na mimi.”

Bramwel alitikisa kichwa polepole.

“Nikabadilisha. Sasa katika kila kijiji nina wakulima watano au sita ninaowafundisha sana. Hao wanafundisha majirani. Mimi nazunguka kuona kama wanafundisha vizuri. Na unajua kitu? Wengine wamenipita. Kuna mama mmoja anajua magonjwa ya mahindi kuliko mimi. Mwanzoni niliona wivu kidogo.” Alicheka. “Kiongozi akifanya yote, watu hawakui. Na yeye akianguka, wote wanaanguka.”

Bramwel aliandika haraka, akageuza daftari. LAKINI MIMI NI MCHUNGAJI. WAMENIITA MIMI.

Chepkirui alimtazama Gathoni.

Gathoni alijua kwamba ni yeye wa kusema. Alikuwa amelibeba neno hilo kwa miaka miwili, na sasa mume wake hangeweza kumkatiza.

“Baba Nasimiyu,” alisema taratibu, “wanakuita kwa sababu uliwazoesha. Na uliwazoesha kwa sababu unapenda kuitwa. Usinikasirikie. Unaomba vizuri, na nakupenda. Lakini hujawahi kumwambia hata mtu mmoja, ‘Wewe pia unaweza.’”

Wanyoike aliangalia kikombe chake. Bramwel alishika kalamu muda mrefu. Mwishowe aliandika maneno mawili, akampa mke wake.

NI KWELI.

Kisha akarudisha daftari kwake, akaongeza: KUTOKA 18. MUSA NA MKWEWE, ALIYEMWAMBIA AGAWE KAZI. NIMEIHUBIRI MARA TATU.

“Mara nne,” Wanyoike alisema. “Hata mimi nilisema amina.”

Gathoni alicheka mpaka akashika mbavu, na Bramwel alicheka pia, bila sauti, mabega yakiruka.

Siku hiyo waliamua mambo. Bramwel angeenda kupumzika kwao Misikhu, Bungoma, kwa dada yake Rahab anayeuza ndizi sokoni. Nyumbani watu wasingemwacha. Kabla ya kuondoka Ijumaa, aliandika barua ya kanisa. Aliandika, akachana, akaandika tena.

“Nitajuaje kama uko sawa?” Gathoni alimuuliza kwenye stendi. “Kwenye simu hutaongea.”

Bramwel aligonga simu yake kwa ukucha mara mbili. Ko, ko.

“Mara mbili ni sawa?”

Akatikisa kichwa kukubali.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu walikuwa wameambiwa kila mmoja alete mbegu zake. Zilikuja kwenye mapakiti, kwenye ndoo, kwenye makopo ya mafuta. Ziliwekwa mbele ya madhabahu mpaka njia ikafungika. Nyuso hazikuwa na furaha. Gathoni alisimama na barua. Hakuwahi kusimama hapo mbele ila siku ya harusi yake.

Alisoma: “Ndugu zangu, nimewakosea. Niliwaacha mfikiri kwamba Mungu anapita kwenye mkono wangu peke yake. Nilifurahia jambo hilo, na nimetubu. Leo ombeeni mbegu pamoja. Kesho pandeni. Nimechagua watu watano wa kuwatembelea na kuomba nanyi, kila mmoja upande wake. Ni Jerono, Kimutai, Tabby, Ngige…”

Minong’ono ilianza. Jerono? Yule bibi anayekaa nyuma kabisa? Mzee Wanyoike aliinuka kitini mwake.

“Mama Pasta, kwa heshima. Sisi si wachungaji. Maombi ya watu wote kwa pamoja, ati yatashika kweli? Na hao watu watano, nani aliwapaka mafuta?”

Wengi walitikisa vichwa kukubaliana naye. Gathoni aliijua hatari. Kama watu wangetoka na mbegu zao sasa, Bramwel angesikia kabla ya jioni. Angepanda gari kesho. Na angeomba mpaka sauti yake ifie kooni.

“Mzee, sijamaliza,” alisema. Akasoma tena: “‘…na Mzee Wanyoike, ambaye aliniombea nilipougua homa ya matumbo. Alikuja peke yake, akapiga magoti, akidhani nimelala. Sijasikia maombi mazuri kama yale. Yeye pia ni mchungaji, hajaambiwa tu.’”

Wanyoike alibaki amesimama. Alikohoa. Akatoa leso, akapenga kamasi kwa nguvu, akaketi.

“Kumbe alisikia,” alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo Jerono aliinuka huko nyuma. Alikuwa bibi wa miaka sabini, mfupi, kitambaa cha kijani kichwani. Alitembea kwa fimbo mpaka mbele. Hakuna aliyemwita. Aliweka mkono juu ya ndoo ya kwanza, kisha akaona mbegu ni nyingi, akanyoosha mikono yote miwili.

“Baba,” alisema, “mbegu ni hii. Mvua ni yako. Sisi ni watoto yako. Asante. Amina.”

Watu walingoja. Wanyoike alifungua jicho. “Imeisha?”

“Imeisha,” Jerono alisema. “Unataka ya nini ingine? Udongo inakauka.”

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Vigelegele vilifuata, na mtu akaanza wimbo, na watu waliobeba mbegu kwa huzuni wakazibeba wakicheza.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kijiji kizima kilikuwa shambani. Kimutai na Ngige walizunguka upande wa juu, Wanyoike upande wa mtoni. Aliomba kwa Kikuyu na Kiswahili vikichanganyika, na watu walisema, “Huyu mzee alikuwa amejificha wapi?” Tabby alifika kwa mjane mmoja ambaye pasta hakuwahi kufika kwake, kwa sababu alikaa mbali na aliona haya kumwita. Waliomba, kisha Tabby akakunja mikono ya nguo, wakapanda pamoja.

Jumanne Gathoni alisikia hodi. Walikuwa wanawake tisa na majembe.

“Tumekuja kupanda la pasta,” Tabby alisema. “Mwaka huu haliwi la mwisho.”

“Woi, hata sijapika!”

“Si utapika tukipanda? Leta mbegu, bana!”

Adhuhuri ekari ilikuwa imekwisha. Gathoni aliwapikia githeri, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa, na hawakubakisha hata kijiko.

Kila jioni alipiga simu Misikhu.

“Mulembe, wifi,” Rahab alisema Jumapili jioni. “Kaka yangu amelala siku mbili. Tulifikiri amekufa, tukaenda kumwangalia. Ameamka, amekula ndizi sita, amelala tena. Mlikuwa mnamfanyia nini huko?”

Siku nyingine alisema, “Leo alikaa na mimi sokoni. Watu wanamwambia shida zao, yeye anatikisa tu kichwa. Mama mmoja ameongea saa nzima, akalia, akamaliza akasema, ‘Huyu pasta ni mzuri, amenisikiliza mpaka mwisho.’ Nikasema, mama, hana njia ingine!”

Kisha simu ilipelekwa kwa Bramwel. Gathoni alimweleza yaliyotendeka siku hiyo. Kisha akatega sikio. Ko, ko. Ndipo alipolala vizuri.

Jumatano ya pili Bramwel alirudi, wakakutana kwa Daktari Rotich. Uso wake ulikuwa umejaa. Daktari alimpima presha akaridhika. Akamwangalia koo kwa taa, muda mrefu. Gathoni alishika ukingo wa meza.

“Uvimbe umekwisha,” Rotich alisema. “Tujaribu. Polepole, kwa sauti ya kawaida. Sema jina lako.”

Bramwel alimeza mate. Alimgeukia mke wake.

“Gathoni,” alisema.

Ilikuwa sauti ile ile, safi, nyembamba kidogo. Gathoni alijifunika uso kwa leso akalia kwa furaha, hata daktari akajifanya anatafuta karatasi.

Walitembea kwenda nyumbani kupitia njia ya mashamba. Kote, mistari ya kijani ilikuwa imetokeza ardhini. Kwa Kimutai, kwa Ngige, kwa yule mjane, kwa Wanyoike kule mtoni. Bramwel alisimama.

“Yale maboma kumi na moja niliyoombea mimi mwenyewe,” aliuliza, “ni yapi?”

Gathoni alitazama huku na huku. “Yale yaliyotangulia yamekuwa makubwa kidogo, kwa sababu yalipandwa mapema. Lakini tofauti nyingine sioni. Angalia wewe.”

Bramwel aliangalia. Alichuchumaa, akagusa jani moja. Lilikuwa jani la mahindi, basi.

“Kumbe yanaota bila mimi,” alisema. “Nilifikiri nitaumia nikiona hivi. Mbona nafurahi namna hii, Mama Nasimiyu?”

“Kwa sababu umelala,” Gathoni alimjibu, na wakacheka wote wawili.

Tangu siku hiyo Bramwel hakurudi kwenye mbio zake. Kila Jumanne alikaa na wale watano, akawafundisha kuombea wagonjwa, kusikiliza wenye shida, kuongoza mazishi. Alikwenda nao mara ya kwanza, kisha akawaacha waende. Jumapili moja kila mwezi, mmoja wa wale watano alihubiri, naye Bramwel aliketi na watoto wake kama mzazi yeyote. Jumatatu ikawa siku ya kupumzika. Kanisa zima liliijua. Mwanzoni wachache walinung’unika, na Bramwel mwenyewe alizunguka uani akitafuta msumari wa kugonga. Ilimchukua muda. Lakini presha ilishuka, na watu wakaanza kuombeana nyumbani kwao bila kungoja mtu. Tena wengine waliokaa kimya miaka yote wakaonekana wana vipaji.

Ikafika Novemba. Jumatatu moja Bramwel na Gathoni walikuwa uani wakipukuchua mahindi yao. Mwaka huu yalikuwa mengi, na yalifika chini ya paa kabla ya yale ya watu wengi. Mara Mzee Wanyoike akaingia langoni mbio. Gathoni alishtuka moyoni.

“Kuna nini, mzee?”

“Ni mjukuu wa Kimutai. Alianguka kwenye mti jana jioni, akavunjika mkono.”

Bramwel alisimama. Mahindi yalidondoka kutoka mapajani. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika koti.

“Tulimpeleka hospitali jana hiyo hiyo,” Wanyoike aliendelea. “Wamemfunga plasta, yuko nyumbani, anakula. Tumeomba naye. Sikuja kukuita. Nimekuja kukwambia tu, ndiyo upite kesho.”

Bramwel alisimama vile vile, koti mkononi. Gathoni aliendelea kupukuchua. Uamuzi huo ulikuwa wa Bramwel mwenyewe.

“Nani yuko naye sasa?” Bramwel aliuliza.

“Jerono. Amekaa naye tangu alfajiri.”

Bramwel alitundika koti kwenye msumari. Akaketi, akavuta ungo karibu.

“Basi yuko na mchungaji wake,” alisema. “Kaa, mzee, utusaidie kupukuchua.”